Miguu ya Tata Mukalay

Watoto wa Tata Mukalay walinionyesha viatu kabla ya kumwonyesha mama yao. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vimetoka Lubumbashi ndani ya boksi lao na karatasi laini, na kijana mkubwa, yule anayefanya kazi Fungurume, alivishika kwa mikono miwili. "Mama Gode," akaniambia, "we njo muuguzi, we njo utamuvalisha tata yetu. Hii bilato itamufaa?" Nikamjibu kwamba vitamfaa. Ningemjibu nini? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, katika uwanja uleule wa Manika ambako nilikula bukari, ugali wa kwetu, katika nyumba hiyo nikiwa msichana, wanawake wa kwaya wanaimba, maji yanachemka kwenye mapipa, na moyo wangu ukaanza kudunda namna ambayo haukuwa umedunda kwa miaka mingi. Si kwa sababu ya kifo. Mzee aliondoka vizuri, kitandani kwake, wajukuu wakiwa mlangoni. Ni vile viatu. Nilidhani kwamba kati ya watu wote wale mimi peke yangu ndiye niliyejua miguu ya Tata Mukalay ilikuwa na kazi gani, na sikujua kama ninapaswa kusema au kunyamaza. Hofu hiyo ninaijua. Ndiyo niliyokula nayo na kuamka nayo mwaka mzima, mwaka ule nilipokuwa mgeni Kolwezi na nikapangiwa kiti cha mbele katika gari lake.

Gari lilikuwa mali ya kituo cha afya cha watawa, gari refu la kuvuta kwa magurudumu manne, ambalo rangi yake nyeupe ilikwisha kukubali kuwa nyekundu kwa vumbi. Kazi yangu ilikuwa kuchanja watoto wa vijijini. Kazi yake ilikuwa kunifikisha. Mlango wa upande wangu ulifungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na ndani kulinukia mafuta ya mazuti, spiriti, na bitoyo, wale samaki wa chumvi ambao akina mama hawaachi kusafiri nao hata wakiwa wagonjwa. Kila bamba lilikuwa na kikohozi chake. Nilipanda siku ya kwanza nikiwa na sketi iliyopigwa pasi, nikamwona dereva anavua kandambili zake, anazisukuma chini ya kiti, na kukanyaga klachi kwa mguu mtupu, mguu mpana wenye nyufa. Nikasema moyoni, basi, huu ni ushamba, nimetoka shuleni na diploma yangu kuja kuendeshwa na mtu asiyevaa viatu. La pili lilinikera zaidi. Kile kioo kidogo cha katikati, ambacho dereva huangalia nyuma, hakikuelekea nyuma. Kilielekea kwangu. Nilikigeuza, naye bila neno akakirudisha. Niliwasimulia wauguzi wenzangu wakacheka hadi wakashika meza: "Eh, Gode, umepata bwana muzee!" Kuanzia hapo nikawa ninajifunga kitambaa kifuani hata jua likiwa kali. Ujinga wangu ulikuwa mkubwa, maana mzee wa watu hakuwa na habari na kifua changu. Alikuwa anaangalia mdomo.

Lakini hilo sikulijua bado. Nilichojua ni kile ambacho kila mtu kituoni alikijua, kwamba hakuna aliyeyafahamu maradhi ya gari kumzidi yeye. Jumamosi asubuhi alilala chini yake kwenye saruji ya uwanja, akaushika ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, mafundi wa kwetu wanauita kardani, akauzungusha kidogo huku na kidogo kule. "Hapa inacheza," alisema, na alinifanya nami niingie chini na sketi yangu. Alichora mstari wa chaki mahali vyuma viwili vinapokutana, kisha akazungusha tena, na mstari ukakatika, nusu moja ikaenda, nusu nyingine ikabaki. Mistari ikiachana kidogo, alinifundisha, ni uzee, na uzee unavumilika. Ikiachana sana, ni ugonjwa, na ugonjwa haungoji mtu amalize mwezi. Halafu aliketi, akajipangusa mikono, akaniuliza: "Mama Gode, jana inalia namna gani ku kona? Imba." Basi nikaimba. Nilimwimbia kong ya kuachia klachi, nikamwimbia chi-chi-chi ya chuma kilichokosa grisi, wauguzi wamejaa dirishani wanavunjika mbavu, naye ananikazia macho midomoni kwa makini kama mtu anayesomewa hukumu. Nilijiona mwanafunzi anayepewa mtihani. Leo, nikiwa nimekwisha kuwa mzee wa umri wake wa wakati ule, ninapokumbuka uso wake pale chini ninaona aibu ya furaha, kwa sababu hakuwa ananijaribu. Alikuwa anauliza kweli.

Njia ya vijiji vyetu ilifuata lami upande wa Fungurume, kisha ikaacha lami na kuingia vumbini. Mwaka ule watu wa mgodi mmoja waliweka uzio na kizuizi juu ya njia hiyo, mahali ambapo watu walikuwa wanapita na mbuzi wao tangu zamani, na kila aliyetaka kuvuka eneo lao ilimlazimu kuvaa kofia ngumu, fulana inayong'aa na buti nzito zenye chuma puani. Hata kama anakwenda kuchanja watoto. "Hakuna botini, hakuna kupita," alisema mlinzi wa kizuizini, kijana mwembamba aliyependa kazi yake kupita kiasi, "hata ukiwa askofu." Basi Mamere Yuliana, mtawa aliyeongoza kituo, akatutafutia mavazi hayo. Tulicheka. Watoto wa kijiji cha kwanza walinikimbia wakidhani nimekuja kuwachimba. Tata Mukalay peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kidato cha gari, buti mapajani, akazitazama muda mrefu kabla ya kuingiza mguu. Mara moja alijaribu kuzivua tulipokwisha kuvuka, lakini gari la walinzi lililozunguka mle ndani likatukuta, likaturudisha kizuizini, na chanjo zangu zikatoka jasho kwenye boksi la barafu. Baada ya hapo akawa anazivaa tangu nyumbani hadi kurudi, na mimi nikaanza kuona kwamba anaendesha kwa kukunja uso, shingo mbele, mikono imebana usukani.

Mlio ulianza katika majuma hayo. Ulikuwa mwembamba, wuuu, chini ya miguu yangu, upande wa kuume, nikadhani ni changarawe. Lakini kwenye lami ulibaki. Gari likiongeza mwendo nao ulipanda. Nilikuwa nimefundishwa, basi nikafanya kama nilivyofundishwa: nilisubiri aachie mafuta kwenye mteremko, kwa sababu mlio wa giya za ponti, ile ekseli ya nyuma, hubadilika ukiachia mafuta, ila mlio wa rulema, ile pete yenye vyuma vya mviringo inayobeba gurudumu, haujali. Aliachia. Mlio haukujali. Tulipokata kushoto, uzito wote ukija upande wangu, uliongezeka. Tulipokata kulia ulijificha. Gurudumu la mbele, la kuume. Nikasema, nikiangalia nje kwa dirisha, "Tata, unasikia ile?" Kimya. Nikasema tena. Nilipogeuka alikuwa anatabasamu, tabasamu lake la siku zote, ambalo nililiona la mtu anayedharau maneno ya wasichana. Nikanuna. Siku ya pili sikumwambia kitu. Mlio ulikuwa palepale, mnene zaidi kidogo.

Kilichonifumbua macho ni lori. Tulikuwa tunarudi, barabara imejaa malori ya mawe ya shaba, na moja likaja nyuma yetu likipiga honi, honi ndefu ile ambayo unaisikia hadi kwenye meno. Tata Mukalay alibaki katikati ya barabara, ametulia, anatabasamu. Honi ikaja tena. Nikageuka nikaona uso wa lori umejaa dirisha lote la nyuma, nikampiga dereva wangu mkononi kwa nguvu zote. Aliruka. Alitazama kile kioo, kioo ambacho kilionyesha mdomo wangu uliokuwa wazi, kisha akavuta usukani, tukaingia kwenye nyasi, lori likapita na upepo wake na dereva wake ametoa kichwa nje. "We kiziwi!" alipiga kelele. Kwetu hilo ni tusi la barabarani, mtu hulisikia kila siku na kulisahau. Nilikaa katika lile vumbi nikiwa nimeshika boksi la barafu kwa mikono miwili, na kila kitu kikaja kwa mpigo: kioo, tabasamu, imba, miguu mitupu. Lilikuwa tusi, lakini yule mtu alikuwa amesema ukweli mtupu. Tata Mukalay naye alinitazama, akajua kwamba nimejua. 

Tangu saa hiyo chakula kilinishinda. Wauguzi tulikula katika chumba kidogo chenye friji ya chanjo, friji iliyotetemeka na kunguruma hadi sahani zikatembea mezani, na dirisha lake lilikuwa ubavuni mwa dirisha la Mamere. Siku moja, mkono wangu uko kwenye bukari na samaki tomson, nikamsikia anazungumza na mhasibu. Walikuwa wanamtaja dereva wa kabla ya Tata Mukalay, aliyelaza gari hilohilo ubavu na akina mama ndani. Mmoja wao mpaka wakati huo alitembea na fimbo. "Ile motokari ikiua mutu, mi ninafunga kazi ya ku bijiji," Mamere alisema. "Yote. Na dereva mwenye hana afya muzima, siku ileile ninakamata funguo." Mhasibu akaitika. Bukari ikapoa vidoleni mwangu. Mlango wa Mamere ulikuwa hatua chache, na ningeingia ningesema sentensi moja tu. Mzee angerudi kwake bila kazi, katika mji ambao mtu wa umri wake asiye na kazi huenda kuosha mawe ya madini mtoni pamoja na watoto. Nisiposema, mlio ungeendelea, na sisi tungeendelea kubeba akina mama juu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, hivyo husemwa. Lakini maradhi haya hayakuwa yangu, na kifo kingeweza kuwa cha mtu mwingine kabisa. Niliosha mikono. Sikuingia.

Jumapili nilikwenda Manika kwa pikipiki ya taksi, nguo ya kanisani bado mwilini. Mama Anasta, mkewe, alinipokea kwa kelele nyingi, mwanamke mfupi, mkavu, ambaye nilimwogopa kwa sababu ya tabia yake ya kukanyaga ardhi kwa kisigino, pu, pu, kila alipomwita mumewe. Nilidhani ni hasira. Sebule yao ilikuwa na viti vya kamba, picha ya Moyo Mtakatifu na redio iliyofungua mdomo hadi mwisho, na hakuna aliyeisikiliza. Tulikula bukari na mchicha wa lengalenga, tukanywa munkoyo, togwa ya kwetu, Mama Anasta ananitania kwamba mwaka hautaisha sijaolewa na mtu wa migodi, na mimi nilicheka mahali pasipochekesha. Baadaye mzee akanitoa nyuma ya nyumba, akaketi juu ya tairi, akaniwekea tairi lingine mbele yake, karibu, uso kwa uso.

"Uliambia nani?" akauliza.

"Bado kuambia mutu, tata."

Alishusha pumzi. Akaniambia kwamba alifanya kazi ujana wake wote kwenye mashine za kusaga mawe, ambako watu walisemezana kwa vidole. "Masikio haikufwa siku moya. Kwanza minakosa bandege. Kisha batoto. Kisha mwanamuke wangu." Alisema hivyo bila kujihurumia, akihesabu kama mtu anayetaja vituo vya njiani. "Lakini motokari haisemi na masikio, Mama Gode. Inasema na miguu. Kila kitu kinapanda hapa." Akanionyesha unyayo.

"Na botini?"

Akaurudisha mguu chini. "Na botini, mi niko mu shimo."

Nilimwambia kuhusu rulema ya kuume. Nikamwimbia ule wuuu, nimeshika mkono wake ili ausikie kwenye koo langu. Alikubali mara moja, wala hakubishana. Alifungua gurudumu kesho yake, akaosha rulema kwa mazuti, akaijaza grisi mpya, na mpya aliiagiza kwa wauza vipuri, wakamwambia asubiri kwani zinatoka mbali. Tukawekeana kiapo pale juu ya matairi. Nikimgusa mkono, atasimama. Hata nikiwa nimekosea, hata tukiwa kwenye tope, atasimama kwanza na kuuliza baadaye. Rulema ikifika na kufungwa, tutazungumza habari ya Mamere. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba nimefanya jambo la busara. Usiku na mchana nilikuwa sina hakika.

Kwa muda grisi ilinyamazisha mlio, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko kelele. Nilikuwa ninasafiri nimeinama, sikio kwenye goti, akina mama wa nyuma wakaniuliza kama ninaumwa tumbo. Kisha ukarudi. Ulirudi siku ambayo hatukutakiwa kubeba mtu, tulikuwa tumemaliza kuchanja na kufunga maboksi, wakatuletea mwanamke kwenye machela ya miti, mimba yake imetimia na damu inamtoka. Nilimpima mapigo, yalikuwa mepesi na ya haraka. Tukamlaza nyuma, shangazi yake akakaa sakafuni ameshika kichwa chake, na Tata Mukalay akaondoka na buti zake miguuni kwa sababu eneo la mgodi lilikuwa mbele yetu lote. Alikimbiza gari. Nani asingekimbiza? Na chini yangu ikaanza, si wuuu tena bali krrr, kama mahindi kwenye kinu, na kwenye kila kona ya kushoto kitu kikagonga, kong, nikakisikia kwenye mbavu. Nilijua maana yake. Nilijua pia kwamba nyuma yangu kuna mtu ambaye kila dakika ya kusimama inamtoka yeye.

Nikamgusa mkono.

Hakusimama. Aliangalia kioo, akaona uso wangu, akatikisa kichwa. "Huyu mama atakufwa hapa!" akasema kwa ile sauti yake ya juu isiyojijua.

"Tutakufwa bote!" Nilimpiga tena. "Uliapa, tata! Simama!"

"Minasikia hapana kitu!" alilia, na lilikuwa neno la kutisha, maana alilisema kwa maana yake kamili, na shangazi pale nyuma akaanza kuomba Bikira. Mbele yetu niliuona mteremko unaoshuka hadi darajani, na kona yake ni ya kushoto. Sikuwa na maneno mengine. Nikainama chini ya usukani, nikavuta kamba za buti yake, nikapiga kelele nikiwa nimeinua uso auone mdomo: "Tosha bilato! Tosha, usikie mwenyewe!" Alipunguza mwendo. Alitoa mguu mmoja, buti ikaangukia mlangoni, akaweka unyayo kwenye sakafu ya chuma. Nilimwona uso. Rangi ilimtoka kabisa, midomo ikawa ya majivu, na kabla sijasema lingine alikuwa amekwisha kusimamisha gari kando, juu kabisa ya mteremko. Alishuka na mguu mmoja mtupu, akaweka kriki, jeki yake ya zamani, akainua upande wa kuume, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Lilicheza mikononi mwake kama jino la mtoto. Alipofungua kikombe cha katikati, vipande vya rulema vilimwagika kwenye vumbi, na tulisimama tukivitazama, yeye na mimi, huku mwanamke anaguna ndani.

Kwa bahati walinzi wa mgodi huzunguka njia zile. Gari lao likatokea na yule kijana mwembamba wa kizuizini, akashuka, na kitu cha kwanza alichokiona ni mguu wa mzee. "Tata, botini iko wapi?" Tata Mukalay alikuwa amempa mgongo, mkono wake bado juu ya gurudumu. Hakugeuka. Niliona kijana anaanza kukasirika kwa kudharauliwa, nikamwingia mbele. "Botini iko mu motokari. Beba kwanza huyu mama, botini tutaongea kesho." Alitazama ndani, akaona damu, na hapo ninamsifu. Yeye mwenyewe alishika kichwa cha machela. Nilipanda nao hadi hospitali; mwanamke alipona, na mtoto, aliyezaliwa bila kulia, alilia baadaye. Tata Mukalay alibaki barabarani na gari lake lenye magurudumu matatu. Nilipogeuka kumwangalia alikuwa ameketi chini, amevua na buti ya pili.

Alirudi kazini na rulema mpya, na kwa majuma mengi hakutaja jambo hilo. Mimi nilitaja, nilimwambia kwamba sasa lazima Mamere ajue, na kwamba nitangoja aseme mwenyewe, lakini sitangoja sana. Aliitika kwa kichwa. Kisha ukafika wakati wa kupima afya ya madereva. Daktari alikuja kwenye chumba chetu cha friji, akatundika ukutani lile bango la herufi, kubwa juu, ndogo chini, akanipa rula niwe ninaonyesha. Mamere akasimama mlangoni. Nilikuwa ninajua macho ya yule mzee. Aliona kuku barabarani wakati mimi naona vumbi tu. Alisoma midomo ya watu walio ng'ambo ya uwanja. Nikaweka rula kwenye herufi ya juu kabisa, ile ambayo mtu angeisoma akiwa langoni.

Alikunja macho. Akasogeza shingo mbele. "Haionekane," akasema.

Daktari akamwambia asogee. Alisogea. Nikaonyesha inayofuata. "Haionekane," akasema tena, ananitazama mimi, si bango, kwa uso uliotulia kabisa, na nikaelewa kwamba ananiomba niendelee kuonyesha. Nikaendelea. Zote hazikuonekana. Mamere alifanya ishara ya msalaba na kusema maskini, miaka yote hii, Mungu ametulinda, na siku hiyohiyo alichukua funguo, kwa upole mwingi, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kuketi. Nilimkuta nje, kwenye kidato cha gari. Nilikuwa ninalia, nikamuuliza kwa nini hakusema kweli. "Kipofu, batu banamushika mukono," alinijibu. "Kiziwi, banamucheka." Akanyanyuka, akanishika begani, akaenda zake. Watawa walimnunulia miwani. Aliivaa hadi siku ya mwisho ya maisha yake, miwani iliyomfanya aone ukungu, na akawa anachungulia juu yake. Watu walileta magari yao mabovu Manika, naye alisimama na mguu mtupu juu ya kidato, mwenye gari akazunguka mtaa, kisha akamwambia kinachoumwa. Walimwita Tata Miwani. Wakasema mzee haoni, lakini fundi.

Basi tukamwosha, mimi na binti zake, katika chumba cha nyuma. Tukamvalisha suti, tukamlaza katika jeneza lililowekwa sakafuni. Kijana wa Fungurume akaleta miwani, akamwekea mwenyewe, akalia. Halafu akafungua boksi la viatu, na mimi nikavichukua, nikamvalisha, na kufunga kamba. Niliamua kunyamaza. Siri ilikuwa yake, aliibeba vizuri, na nani mimi wa kuivunja mbele ya watoto wake waliotumia mapenzi yote kununua ngozi nzuri namna ile. Nikajiambia kwamba maiti hasikii hata hivyo. Halikunituliza.

Ndipo mlangoni nikasikia pu, pu, kisigino ardhini. Mama Anasta ameingia, amejifunga kitenge cheusi, anashikwa na wajukuu. Alimtazama mumewe kuanzia kichwani kushuka chini, na alipofika miguuni akakanyaga tena, kwa hasira sasa, pu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nikaelewa kwamba kisigino kile kilikuwa kinaiita miguu yake.

"Mumutoshe bilato," akasema.

"Mama," kijana akaanza, "ni mupya, tulimununulia..."

"Mumutoshe. Bakimwita kule, atasikia namna gani?"

Watoto walitazamana, walidhani ni kilio kinachosema. Binti akauliza kwa sauti ndogo kama na miwani itolewe. Mama Anasta akaifikiria, akaiweka sawa juu ya pua ya mzee kwa kidole kimoja. "Ile muache," akasema. "Ile ni uwongo yake. Aende nayo."

Kisha akaniangalia mimi, moja kwa moja, akachuchumaa upande wa pili wa jeneza. Nikafungua kamba za kiatu cha kushoto. Yeye akafungua cha kuume.